Namna ya Kusoma Utafiti Kuhusu Kuenea kwa VVU na Magonjwa Mengine ya Zinaa

Mtu anapofungua ripoti ya utafiti kuhusu virusi vya UKIMWI, kaswende au kisonono, jambo la kwanza kumvutia huwa ni asilimia iliyowekwa kwenye muhtasari, na mara nyingi hiyo ndiyo pekee anayoondoka nayo. Asilimia hiyo ni jibu, nalo jibu halieleweki mpaka ujue swali lililoulizwa, watu walioulizwa, kipimo kilichotumika na mwaka ambao kazi ilifanyika. Mwongozo huu umekusudiwa kwa mwanafunzi, mwandishi wa habari, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kiongozi wa dini au mzazi anayependa kusoma tafiti za aina hii kwa utulivu na kujua lipi la kuaminiwa na kwa kiasi gani. Hesabu zitakazotumika hazizidi kujumlisha, kutoa na kugawanya. Kinachohitajika zaidi ni subira, pamoja na kukumbuka kwamba kila tarakimu iliyomo katika jedwali ni mtu aliyekubali kutoa damu yake na kumweleza mgeni mambo ambayo pengine hajamweleza hata mwenza wake.

Tambua kwanza kinachopimwa

Kuna vipimo viwili vya kuenea kwa maambukizi ambavyo huchanganywa kila siku, hata na watu wanaopaswa kujua tofauti yake. Cha kwanza ni kiwango cha maambukizi, ambacho wataalamu wengine hukiita ushamiri: kati ya watu wote waliopimwa, wangapi wanaishi na maambukizi, bila kujali waliyapata lini. Cha pili ni kasi ya maambukizi mapya: kati ya watu ambao hawakuwa na maambukizi mwanzoni mwa kipindi fulani, wangapi waliyapata kabla ya kipindi hicho kwisha.

Tuchukue mfano wa kubuni wenye hesabu nyepesi. Katika jamii yenye watu wazima 10,000, watu 500 wanaishi na VVU, yaani asilimia 5. Kila mwaka watu 60 huambukizwa na watu 60 wenye VVU hufariki, kwa hiyo kiwango kinabaki palepale mwaka hadi mwaka. Kisha dawa za kufubaza virusi zinafika, vifo vinashuka hadi 10 kwa mwaka, na maambukizi mapya yanashuka hadi 40. Mwaka unaofuata jamii hiyo itakuwa na watu 530 wanaoishi na VVU, yaani asilimia 5.3. Msomaji wa haraka ataandika kwamba VVU vinaongezeka, ilhali maambukizi mapya yamepungua kwa theluthi moja na watu 50 ambao wangezikwa wako hai. Kwa hiyo, kila unapokuta neno "kuongezeka" katika ripoti ya VVU, simama na uulize kinachoongezeka ni nini: watu wanaoishi na virusi, au watu wanaoambukizwa sasa.

Angalia pia namba iliyo chini ya mstari, ile ambayo shuleni tuliiita asili. Unapotafuta kiwango cha maambukizi, asili ni watu wote 10,000. Unapotafuta kasi ya maambukizi mapya, asili ni wale 9,500 ambao bado wanaweza kuambukizwa, na 40 ukiigawanya kwa 9,500 utapata takriban watu 4 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Ripoti isiyotaja asili yake haijakupa taarifa kamili, hata iwe imepambwa kwa michoro ya rangi kiasi gani.

Kwa magonjwa yanayotibika mambo ni tofauti kidogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 kulikuwa na maambukizi mapya milioni 374 ya kaswende, kisonono, klamidia na trikomona miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Hayo ni maambukizi, wala hayalingani moja kwa moja na idadi ya watu, kwa sababu mtu mmoja anaweza kutibiwa kisonono mwezi wa pili na kukipata tena mwezi wa tisa, akahesabiwa mara mbili, na kuhesabiwa hivyo ni sahihi kabisa.

Uliza nani alihesabiwa na nani aliachwa

Kwa miaka mingi makadirio ya VVU katika nchi nyingi yalitegemea damu ya wajawazito waliohudhuria kliniki. Njia hiyo ilikuwa na busara yake: damu ilikuwa inachukuliwa tayari kwa ajili ya kupima kaswende, gharama ilikuwa ndogo, na mabadiliko ya mwaka hadi mwaka yalionekana. Lakini mjamzito anayekuja kliniki ni mtu aliyeshiriki ngono bila kinga, ana umri wa uzazi, na mara nyingi anaishi karibu na kituo kilichochaguliwa, ambacho kwa kawaida kilikuwa mjini au kando ya barabara kuu. Kumchukua yeye kuwa mfano wa taifa zima ni kuwasahau wanaume wote, wazee, na wanakijiji walio mbali.

Madhara ya jambo hilo yalionekana wazi mwaka 2007. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya watu wanaoishi na VVU duniani, yaliyokuwa milioni 39.5 mwaka mmoja kabla, yalirekebishwa hadi milioni 33.2. Hakuna mamilioni ya watu waliopona. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitoka India, ambako utafiti wa kaya uliopima damu za watu wa kawaida majumbani, pamoja na kuongezwa kwa vituo vya ufuatiliaji, ulionyesha kwamba makadirio ya zamani ya zaidi ya watu milioni 5 yalipaswa kuwa karibu milioni 2.5. Ukikutana na mstari wa grafu unaoshuka ghafla, tafuta kwanza katika maelezo ya chini kama njia ya kuhesabu ilibadilishwa mwaka huo.

Utafiti wa kaya nao una upofu wake, na ni haki kuutazama kwa jicho lilelile. Unamkosa mfungwa, askari wa kambini, dereva wa masafa marefu, mvuvi anayehama na msimu, na mwanamke anayelala nyumba ya wageni anakofanyia kazi. Wapo pia waliokutwa nyumbani lakini wakakataa kutoa damu. Tafuta sentensi inayosema ni watu wangapi walioombwa kushiriki na wangapi walikubali. Endapo watu 1,000 waliombwa na 600 tu wakakubali, uliza kama kuna sababu ya kudhani wale 400 wanatofautiana na wenzao. Mtu anayejua tayari kwamba ana virusi anaweza kuwa na sababu nzito zaidi ya kukataa.

Kuhusu takwimu zinazotokana na wagonjwa waliofika kituoni, tahadhari ni kubwa zaidi. Wanawake wengi wenye klamidia hawana dalili yoyote, kwa hiyo hawaji kutafuta tiba, na wasipopimwa hawahesabiwi. Pale huduma ya upimaji inapopanuliwa, idadi ya wagonjwa waliosajiliwa hupanda hata kama ugonjwa wenyewe haujasogea. Ndiyo maana ripoti ya wagonjwa haina budi kuambatana na idadi ya watu waliopimwa.

Chunguza maswali yaliulizwaje

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo tafiti nyingi za magonjwa ya zinaa zinapopata nguvu au zinapovunjika.

Nimewahi kuuliza maswali hayo, dodoso likiwa mapajani, katika chumba ambacho mlango wake haukufungika vizuri, huku sauti ya mama mkwe wa mhojiwa ikisikika upande wa pili wa ukuta. Swali lilikuwa: katika miezi 12 iliyopita, umekuwa na wapenzi wangapi? Dada yule alitazama mlangoni, akatabasamu, akasema mmoja. Niliandika 1. Hakuna sehemu yoyote katika dodoso lile iliyoniruhusu kuandika kwamba alitazama mlangoni. Tangu siku hiyo nikisoma jedwali la idadi ya wapenzi, kitu cha kwanza ninachotafuta ni maelezo ya mahali mahojiano yalipofanyikia, jinsia na umri wa mhojaji, na kama mhojiwa alijibu kwa mdomo au kwa kubonyeza mwenyewe majibu kwenye kompyuta huku akisikiliza maswali kwa visikizi vya masikioni.

Kuna hesabu moja rahisi inayoweza kukuonyesha kiasi cha mambo yanayofichwa. Kila uhusiano wa kingono kati ya mwanamume na mwanamke una mtu mmoja kila upande. Kwa hiyo, katika jamii yenye idadi sawa ya wanaume na wanawake wasiotafuta wapenzi nje, wastani wa wapenzi wa jinsia tofauti lazima ulingane pande zote mbili. Hata hivyo tafiti huonyesha mara kwa mara kwamba wanaume hutaja wapenzi wengi kuliko wanawake. Sehemu ya pengo hilo hutokana na wanaume kutia chumvi, sehemu hutokana na wanawake kuficha kwa kuogopa kuhukumiwa, na sehemu hutokana na wanawake wachache wenye wapenzi wengi sana kutofikiwa na utafiti. Utafiti mzuri hulitaja pengo hilo na kulijadili.

Mfano mzito zaidi ni jaribio lililojulikana kwa jina la VOICE, lililofanyika kati ya 2009 na 2012 kwa wanawake 5,029 nchini Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Lilipima kama vidonge vya kila siku au jeli ya ukeni yenye dawa vingewakinga wanawake wasipate VVU. Kwa maelezo ya washiriki wenyewe, na kwa kuhesabu vidonge na mirija iliyorudishwa, matumizi yalikuwa karibu asilimia 90. Damu ilisema jambo jingine: dawa ilipatikana katika chini ya theluthi moja ya sampuli zilizopimwa. Mtu anayesoma mstari wa mwisho peke yake atasema kwamba dawa hazikufanya kazi. Lakini jaribio jingine, Partners PrEP, lililofanyika Kenya na Uganda kwa jozi 4,747 za wenza ambao mmoja alikuwa na VVU na mwingine hana, lilionyesha kwamba vidonge vya aina hiyohiyo vilipunguza maambukizi kwa asilimia 67 hadi 75, na huko damu za washiriki walio wengi zilikuwa na dawa.

Nisingependa mtu ausome mfano huo kama hadithi ya wanawake waongo. Waliporudiwa baadaye na kuulizwa kwa upole, wengi walieleza hofu ya madhara ya dawa, na hofu ya kuonekana na vidonge vinavyofanana na vya mtu mwenye VVU. Walikuwa wanajibu kile walichoona kwamba mtafiti anataka kusikia. Ukiona utafiti unaotegemea maneno matupu kuhusu matumizi ya kondomu au dawa, bila kipimo cha maabara cha kuyathibitisha, yachukue matokeo yake kuwa ya muda.

Kagua kipimo cha maabara

Kila kipimo cha VVU kina kipindi cha mpito baada ya maambukizi ambapo mtu tayari ana virusi lakini majibu yake bado ni hasi. Kwa vipimo vinavyotafuta kingamwili pekee, yaani chembe ambazo mwili hutengeneza kupambana na kirusi, kipindi hicho kinaweza kufika siku 90. Kwa vipimo vya maabara vinavyotafuta pia protini ya kirusi chenyewe ni kati ya siku 18 na 45. Utafiti wa maambukizi mapya unaopaswa kutofautisha nani aliingia akiwa mzima ni lazima ueleze ulikabilianaje na kipindi hicho.

Jambo la pili ni majibu chanya yasiyo ya kweli, ambayo huwashangaza wengi. Chukua kipimo kinachopatia mara 99 katika kila 100, kwa wenye maambukizi na kwa wasio nayo, ukitumie kwa watu 10,000 ambao 50 kati yao wana VVU. Kitawapata karibu wote 50. Lakini miongoni mwa watu 9,950 wasio na virusi, asilimia 1 watapewa majibu chanya kimakosa, nao ni takriban 100. Katika watu 150 walioambiwa wana virusi, 100 hawana. Kadiri ugonjwa unavyokuwa adimu ndivyo sehemu ya majibu chanya yenye makosa inavyokua, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani tangu 2019 linashauri vipimo vitatu mfululizo vyenye majibu chanya kabla ya kumthibitisha mtu kuwa na VVU. Utafiti uliotumia kipimo kimoja bila kuthibitisha katika jamii yenye maambukizi machache umekuza tatizo bila kukusudia.

Kwa magonjwa mengine ya zinaa, tazama kama utafiti ulitegemea dalili au maabara. Uchafu unaotoka ukeni unaweza kusababishwa na mambo mengi ambayo hayakutokana na ngono. Matibabu kwa kufuata dalili ni msaada mkubwa mahali pasipo na maabara, lakini hesabu ya dalili haiwezi kusimama mahali pa hesabu ya ugonjwa.

Tofautisha kuandamana na kusababisha

Mambo mawili yanaweza kuonekana pamoja kila mara bila moja kulizaa jingine. Kwa miaka mingi tafiti za kufuatilia wanawake zilitia wasiwasi kwamba sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu huongeza hatari ya kupata VVU. Ugumu ulikuwa kwamba wanawake wanaochagua sindano wanaweza kutofautiana na wanaochagua njia nyingine katika matumizi ya kondomu, katika idadi ya mara wanazoshiriki ngono, na katika mambo ambayo hakuna dodoso linaloyafikia. Njia ya kulikata shauri hilo ni kuwagawa watu katika makundi kwa bahati nasibu, ili tofauti zote, zinazojulikana na zisizojulikana, zisambae sawasawa. Jaribio la ECHO lilifanya hivyo kwa wanawake 7,829 nchini Eswatini, Kenya, Afrika Kusini na Zambia waliokubali kugawiwa sindano, kitanzi cha shaba au kijiti. Matokeo yake yalipotolewa mwaka 2019 hayakuonyesha tofauti kubwa ya hatari kati ya njia hizo tatu.

Lakini usifunge ripoti hiyo mapema. Katika makundi yote matatu kwa pamoja, wanawake 397 walipata VVU, sawa na karibu 4 kwa kila wanawake 100 waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja, na wote hawa walikuwa wakipewa ushauri na kondomu katika kliniki za utafiti. Swali la njia ya uzazi wa mpango lilijibiwa, na jibu la swali ambalo halikuwa kwenye kichwa cha habari ndilo lilikuwa zito zaidi. Soma jedwali lote, pamoja na safu ambazo mwandishi hakuzizungumzia sana.

Hata jaribio la bahati nasibu likifanywa vizuri, matokeo yake hayahami kirahisi kutoka mahali hadi mahali. Hakuna mfano unaolionyesha hilo vizuri kuliko Mwanza na Rakai. Mkoani Mwanza, kati ya 1991 na 1994, jamii 12 za vijijini ziligawanywa jozi 6. Katika kila jozi, jamii moja ilipata huduma bora ya kutibu magonjwa ya zinaa: watumishi wa zahanati walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili, dawa zilihakikishwa zipo, na wananchi walihamasishwa kwenda kutibiwa. Baada ya miaka miwili, asilimia 1.2 ya watu wazima waliofuatiliwa katika jamii zilizopata huduma hiyo walikuwa wameambukizwa VVU, dhidi ya asilimia 1.9 katika jamii za kulinganisha. Hilo ni punguzo la karibu asilimia 40, na lilipochapishwa mwaka 1995 liliamsha matumaini makubwa.

Ng'ambo ya ziwa, wilayani Rakai nchini Uganda, watafiti wengine walichukua njia iliyoonekana kuwa na nguvu zaidi: kuwapa watu wazima wote wa jamii husika dawa za magonjwa ya zinaa majumbani kwao kila baada ya miezi 10, wawe na dalili au wasiwe nazo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kasi ileile ya maambukizi mapya ya VVU katika pande zote mbili, takriban 1.5 kwa kila watu 100 kwa mwaka.

Msomaji mwenye papara atachagua upande. Msomaji makini atauliza tofauti ya mazingira. Mwanza kiwango cha VVU kilikuwa karibu asilimia 4, na huko maambukizi yalikuwa bado yanapita zaidi kwa watu wenye wapenzi wengi, ambao ndio wanaougua magonjwa ya zinaa mara kwa mara. Rakai kiwango kilikuwa karibu asilimia 16. Virusi vilishaingia ndani ya ndoa na uhusiano wa kudumu, ambako kaswende au kisonono havihitajiki ili VVU vipite. Vidonda vingi vya sehemu za siri huko vilitokana na malengelenge, ugonjwa wa virusi usiotibika kwa antibiotiki. Zaidi ya hayo, huduma ya Mwanza ilikuwepo kila siku kwa aliyeugua, wakati aliyetibiwa Rakai mwezi wa kwanza angeweza kuambukizwa tena mwezi wa tatu na kusubiri hadi zamu inayofuata. Tafiti zote mbili ni sahihi, kila moja ikijibu swali la mahali pake na la wakati wake katika mwendo wa ugonjwa. Unapotaka kutumia utafiti wa mahali pengine, anza kwa kuuliza jamii yako inafanana na ipi kati ya hizo.

Soma asilimia mbili pamoja, na usiiogope sifuri

Katika jaribio la tohara ya wanaume lililofanyika Orange Farm, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 2005, wanaume 3,274 waligawanywa makundi mawili. Waliotahiriwa mwanzoni walipata maambukizi 20, wenzao 49, na punguzo lilitangazwa kuwa asilimia 60. Asilimia hiyo ni ya kulinganisha. Ukitazama kasi yenyewe, ilikuwa takriban 2.1 kwa kila wanaume 100 kwa mwaka dhidi ya 0.85, yaani maambukizi kidogo zaidi ya 1 yalizuiwa kwa kila wanaume 100 kwa mwaka. Taarifa zote mbili ni za kweli na zote zinahitajika: ya kwanza inaeleza nguvu ya kinga, ya pili inaeleza itawafaa watu wangapi mahali ambapo VVU vimeenea kwa kiasi hicho. Kadhalika, angalia kinga hiyo ilipimwa kwa nani. Hapa ilikuwa kwa mwanamume anayeweza kuambukizwa na mwanamke, na haikuwa ahadi kwa mwenza wake.

Kila makadirio huja na mipaka yake ya chini na ya juu, kwa kawaida ndani ya mabano. Mipaka ikiwa mipana sana, utafiti ulikuwa na watu wachache au matukio machache, hivyo usijenge hoja nzito juu yake. Mipaka ina umuhimu hata pale jibu linapokuwa sifuri. Utafiti wa PARTNER2, uliochapishwa mwaka 2019, ulifuatilia jozi 782 za wenza wa kiume ambao mmoja alikuwa na VVU na alitumia dawa hadi virusi havikuonekana kwenye damu. Walishiriki ngono bila kondomu zaidi ya mara 76,000. Watu 15 walipata VVU katika kipindi hicho, na mtu angeweza kukata tamaa hapo, lakini watafiti walilinganisha vinasaba vya virusi na kukuta kwamba hakuna hata kimoja kati ya virusi hivyo 15 kilichotoka kwa mwenza aliyekuwa kwenye utafiti. Vilitoka nje ya uhusiano huo. Maambukizi kati ya wenza yalikuwa sifuri, na mpaka wa juu wa makadirio ulikuwa 0.23 kwa kila jozi 100 kwa mwaka. Mpaka huo unatokana na ukomo wa muda wa ufuatiliaji. Kuusoma kana kwamba kulikuwa na maambukizi yaliyofichwa ni kosa, na ni kosa linalowaumiza watu wanaomeza dawa zao kwa uaminifu na bado wanaogopwa.

Tafuta washiriki walitendewaje

Sehemu ya maadili huwa fupi na wasomaji huiruka. Usiiruke. Kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende na 201 wasio nayo huko Tuskegee, Alabama, bila kuwaeleza ukweli wa ugonjwa wao. Penisilini ilipokubalika kuwa tiba katika miaka ya 1940 hawakupewa, ili mwendo wa ugonjwa uendelee kutazamwa hadi kifo. Magazeti yalipoifichua kazi hiyo mwaka 1972 ndipo ilipositishwa.

Kwa hiyo tafuta mambo haya yaliyoandikwa waziwazi: kamati ya maadili iliyopitisha utafiti, lugha ambayo ridhaa iliombwa, kilichofanyika kwa aliyekutwa na maambukizi, na huduma walizopata watu wa kundi la kulinganisha. Kama mshiriki aligundulika ana kaswende, alitibiwa siku hiyohiyo au aliandikwa tu? Angalia pia ulinzi wa siri. Jedwali linaloonyesha kwamba katika kijiji kidogo kilichotajwa jina kuna mwanamke mmoja mjane wa miaka 40 mwenye VVU limeshamtaja, hata kama jina lake halipo.

Unapokwisha kusoma na kutaka kuwaeleza wengine

Rudi kwenye ripoti kwa mpangilio tofauti na ulioandikwa: soma kwanza sehemu ya mbinu, kisha majedwali, kisha udhaifu ambao watafiti wenyewe wameukiri, na muhtasari uwe wa mwisho. Andika kwa maneno yako sentensi moja inayotaja mwaka, mahali, umri na jinsia ya waliopimwa, kilichopimwa, na mipaka ya makadirio. Ukishindwa kuijaza sentensi hiyo, bado hujamaliza kusoma. Epuka kuwaita watu "waathirika" au "kundi hatari". Sema watu wanaoishi na VVU, au watu walio katika hatari kubwa ya kuambukizwa, kwa kuwa msomaji wako mmojawapo ni wao.

Sentensi hiyo inaweza kuwa kama hii: kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2023 watu milioni 1.3 wa umri wote duniani walipata maambukizi mapya ya VVU, idadi halisi ikiwa pengine kati ya milioni 1.0 na milioni 1.7.